Kabureta Mbili Kwenda Njombe

Watu wakisikia nimeacha gereji huniuliza kama mikono imechoka. Mikono ni mizima. Kilichochoka ni ule uhakika. Kwa karibu miaka arobaini niliamini naijua kabureta kuliko ninavyowajua wadogo zangu, kisha, nikiwa nimebakiza muda mfupi kustaafu, nikapata mshtuko ambao mpaka leo haujanitoka mwilini. Ninyi mliobaki yadi mmenitaka niandike mambo ya kazi, na mambo ya kazi ndiyo haya. Nani alipandishwa na nani alilipwa nini, muulizane wenyewe.

Nimezaliwa Kariakoo, kwenye nyumba ya vyumba sita na ua mmoja ambayo siku hizi ni ghorofa la maduka ya simu. Nilipomaliza shule nilikaa nyumbani miezi kadhaa nikisaidia kupika, mpaka shangazi yangu akasema Mzee Awadh, mwenye gereji mtaa wa Gerezani, anatafuta msichana wa kupokea wateja. Mzee Awadh alikuwa mtoto wa Waarabu waliokuja zamani kutoka Hadhramaut, lakini yeye alizaliwa mtaa wa tatu kutoka kwetu na Kiswahili chake kilikuwa cha Kariakoo tupu. Wakati ule hakuwa mzee hata kidogo. Watu walimwita hivyo kwa sababu alikuwa hacheki.

Siku ya kwanza nilifika nimevaa gauni la Idi. Akanisogezea sufuria yenye mafuta ya taa, ndani yake kabureta.

“Ifungue,” akasema.

“Mimi nimekuja kupokea wateja.”

“Wateja hawajafika.”

Nikaifungua. Ilipokuwa imekwisha kuwa rundo la vipande juu ya gazeti, akakifunika kila kitu kwa kitambaa na kuniambia niingize mkono, nimtajie ninachokigusa. Sikuweza kutaja hata kimoja. Kufikia adhuhuri niliweza vinne, na gauni la Idi lilikuwa halifai tena kwa Idi yoyote. Nilichokumbuka usiku ule siyo gauni. Nilikumbuka kwamba sindano nyembamba kuliko ya kushonea ndiyo inayoamua kama lori litapanda mlima au litabaki bondeni. Nilishangaa kwamba watu wazima wanapanda magari bila kulijua hilo.

Wateja walipofika kweli, walikuwa wananiuliza fundi yuko wapi, nami nimeshika kabureta yao mkononi. Mmoja nilimwambia fundi yuko msikitini. Aliporudi jioni gari lilikuwa linaunguruma vizuri, akaenda kumshukuru Mzee Awadh. Mzee akamjibu, “Mshukuru huyo hapo. Mimi nilikuwa msikitini kweli.”

Alinifundisha kusikiliza injini kwa kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni, nyingine ikitembea juu ya chuma. Alinifundisha kusoma plagi. Ikitoka na rangi ya biskuti, mchanganyiko uko sawa. Ikiwa nyeusi kama chungu, petroli imezidi. Ikiwa nyeupe, hewa imezidi na injini itaungua. Alinifundisha kukata gasketi, kile kipande cha kuzibia maungio ya injini, kwa nyundo na mkasi pale spea isipopatikana, na miaka ile spea ilikuwa haipatikani karibu kila siku. Nikaja kuwa na sikio ambalo watu walilisafiria kutoka Tegeta na Mbagala.

Kitu kimoja hakutaka kukigusa: gari linalokwenda kuishi milimani. Mteja akisema analipeleka Mbeya, Njombe au Lushoto, Mzee alifuta mikono na kusema, “Likafungiwe kabureta na fundi wa hukohuko.” Ukimbembeleza alitoka nje. Sisi tulichukulia ni chuki zake tu. Tulijua kwamba mdogo wake, Saleh, alifia njiani akipeleka gari la mteja Mbeya, muda mfupi kabla sijaanza kazi. Tulijua pia kile mtaa mzima ulichokuwa ukikisema kwa sauti ya chini, kwamba Saleh alikufa kwa pombe. Alikutwa ndani ya gari kando ya barabara, amelala juu ya kiti, amejitapikia, uso mwekundu. Mimi nililiamini hilo kama ninavyoamini kwamba Jangwani hufurika. Mjane wake, Bi Salma, alikuwa akipita mtaani upande wa pili wa barabara, ameinamisha kichwa, haraka haraka. Nilidhani ndiyo mwendo wake.

Miaka ikaenda. Magari ya kabureta yakawa machache, yakaja ya kompyuta, na vijana wakanicheka kwamba nimebaki na mikebe. Lakini wenye magari ya zamani hawakuwa na pengine pa kwenda. Mzee Awadh akaniachia kazi, akawa anakuja asubuhi tu kukaa kwenye benchi, kunywa kahawa na kukosoa.

Ndipo akaja Bi Shirin, mwalimu mstaafu wa Upanga, mama wa miaka sabini na kitu, akiendesha gari la spoti la milango miwili, la Kiingereza, rangi ya damu ya mzee, kabureta mbili ubavuni na paa la turubai. Nililijua gari hilo kwa sauti kabla halijakata kona. Lilikuwa la kaka yake, Bwana Firoz. Alipokuwa kijana alikuwa akilitembeza ufukweni kila Jumapili. Baadaye akapata kazi Njombe, akaanza kulipeleka huko mwenyewe. Lilipopita mlima wa Kitonga likaanza kutoa moshi mweusi, likakohoa, likagoma. Likarudishwa Dar juu ya lori, naye akabaki Njombe miaka yote, akiotesha miche ya miti.

“Sasa kaka yangu ana miaka themanini na mbili na haoni,” Bi Shirin akaniambia. “Kila wiki ananipigia simu, ananiambia niliwashe alisikie. Juzi kasema simu siyo injini. Fundi, nataka lifike uani kwake kwa nguvu zake lenyewe.”

Mzee Awadh alikuwa benchini anasikia. Akasema bila kugeuka, “Amlete kaka yake Dar.”

“Mzee, mtu haoni, na moyo wake daktari kamkataza safari.”

“Basi asikilize kwenye simu.”

Akaweka kikombe chini kikiwa nusu, akachukua fimbo yake, akaondoka. Wiki ile yote hakuja. Mimi nilikasirika. Nilikuwa fundi mkuu wa pale, nina mvi zangu, na bado natendewa kama yule msichana wa gauni la Idi. Nikamwambia Bi Shirin kazi nimeichukua, na nitakwenda naye mwenyewe.

Tatizo la mlima ni jepesi kulieleza. Kabureta haina akili. Inajua kumwaga petroli kiasi kilekile, hapa baharini na kule juu. Lakini kule juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo petroli inazidi, injini inalewa, plagi zinakuwa nyeusi, nguvu zinakwisha. Dawa ni kubana petroli kadiri unavyopanda. Nikatafuta sindano nene kidogo, ambazo zinapitisha petroli pungufu, nikazipata kwa muuza spea za kale wa Gerezani, ndani ya kopo la maziwa. Chini ya kila kabureta kuna nati ya kubana zaidi. Nikaandika kwenye daftari nitaizungusha pembe ngapi tukifika wapi. Gasketi ya ekzosi, pale moshi unapotokea injini, ilikuwa imechoka na mpya haikuwepo, nikaikata mwenyewe kama nilivyokata mamia.

Nikaona pia matundu mawili, kila moja linapitisha dole gumba, kwenye ukuta wa bati unaotenganisha injini na miguu ya abiria. Hapo ndipo mabomba ya hita yalipokuwa yakipita, na fundi fulani wa zamani aliing’oa hita yote. Nani wa Dar anahitaji hita? Nikachungulia, nikamwambia Bi Shirin yatatupitishia upepo miguuni. Tukacheka.

Nimeandika sentensi hiyo mara tatu, nikitaka kuifuta. Iacheni.

Tulilijaribu wiki nzima. Upanga, Jangwani, hadi Buguruni na kurudi, vioo chini, paa limekunjwa, watu wa bajaji wakituonesha dole gumba. Plagi zilitoka rangi ya biskuti.

Tuliondoka mwezi wa saba, baada ya sala ya alfajiri. Mpaka Mikumi Bi Shirin aliendesha mwenyewe na kunisimulia wanafunzi wake wote, mmoja mmoja. Chini ya Kitonga nikashika usukani. Gari lilipanda vizuri nusu ya mlima, kisha nikahisi mguu wangu unakanyaga pamba. Nyuma yetu malori mawili, mbele lingine linatambaa. Nikaegesha pale palipokuwa na nafasi, nikafungua boneti, nikabadili sindano za kabureta zote mbili, nikabana nati kama daftari lilivyosema. Lilipowaka, sauti ilirudi. Likapanda likaimaliza Kitonga bila kukohoa, na Bi Shirin akanishika bega.

Nilisikia kitu kimoja pale juu. Tik, tik, tik, kidogo tu, upande wa ekzosi. Sikio langu lililosafiriwa kutoka Tegeta likaniambia ni valvu, nitazirekebisha Njombe.

Tukalala Iringa. Asubuhi kulikuwa na baridi ambayo sijawahi kuijua. Injini ilikataa kuwaka mpaka nilipovuta choki, kamba inayoongeza petroli injini ikiwa ya baridi. Dar nilikuwa sijaigusa choki miaka mingi. Ni kama hita. Ikawaka, nikairudisha choki, lakini sikuirudisha yote. Tulipofika Mafinga kukawa na ukungu na manyunyu. Tukafunga paa. Tukafunga vioo. Tukajifunika khanga mbili kila mtu, tukasema sasa kumenoga.

“Kichwa kinanigonga,” Bi Shirin akasema.

“Ni mlima. Hewa nyepesi,” nikamjibu, kwa sauti ya mtu anayejua.

Akaanza kunisimulia jinsi kaka yake alivyomfundisha kuendesha. Alifika pale ambapo alimwambia akanyage klachi, akanyamaza katikati. Nikafikiri amelala, nikafurahi apumzike. Mimi mwenyewe nilikuwa najisikia vizuri, mwepesi, sina wasiwasi wa kitu chochote. Nakumbuka nilitaka kubadili gia na nikawa nautafuta mkono wa gia, siuoni, na halikunisumbua.

Mbele akasimama askari wa barabarani, binti, amevaa koti la mvua, ameinua mkono. Naambiwa nilisimamisha gari katikati ya barabara. Ninachokumbuka ni kioo kinagongwa.

“Shikamoo mama. Naomba leseni.”

Nikashusha kioo. Nikamtazama.

“Mama, leseni.”

“Jina langu,” nikasema, halafu jina likanipotea.

Akainama, akanisogelea usoni, akanusa. Niliona anachokifikiria. Mwanamke mtu mzima, amejifunga ushungi, saa tatu asubuhi.

“Mama, umekunywa?”

Nilitaka kukasirika na sikuweza. Akazunguka upande wa pili kumuuliza abiria. Alipofungua mlango, Bi Shirin akaanguka ubavu, nusu nje nusu ndani, na yule binti akamdaka kichwa kabla hakijafika lami. Nikaona mashavu ya Bi Shirin. Yalikuwa mekundu, yamependeza, kama mtu aliyetoka kuolewa. Sitakaa niyasahau.

Askari yule alikuwa na akili kuliko sisi sote. Akamvuta Bi Shirin mpaka kwenye majani, akarudi akanivuta mimi, akasimamisha gari la abiria lililokuwa linapita. Nilianza kutapika. Tukapelekwa hospitali ya mji uliokuwa karibu, tukawekewa hewa safi kwa mipira puani. Bi Shirin hakufungua macho mpaka alasiri. Saa zote hizo nilikaa nimemshika mguu, sehemu pekee ambayo wauguzi hawakuwa wakiihitaji.

Daktari alikuwa kijana mpole. Akaniambia moshi wa gari una hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo ikiingia kwenye damu inachukua nafasi ya hewa safi. “Mtu anaumwa kichwa, anasinzia, anatapika, ngozi inaweza kuwa nyekundu. Wengi tunaletewa wakiwa wamekufa, na ndugu zao wanasema alilewa. Petroli ikizidi kwenye injini, hewa hiyo nayo inazidi. Gari lenu lina tundu?”

Nikamwambia nitaangalia. Sikuwa na haja ya kuangalia. Nilikuwa nimekwisha kuyaona matundu yale mawili, moja baada ya jingine, na gasketi yangu ya kukata kwa mkasi, na ile tik tik tik niliyoiita valvu.

Nilimpigia simu Mzee Awadh nikiwa kwenye benchi la nje.

“Shikamoo Mzee.”

“Marahaba. Mmefika?”

“Hatujafika. Tumepata matatizo njiani, tuko hospitali.”

Akauliza, “Mlifunga vioo?”

Sikuwa nimemwambia kitu chochote kuhusu vioo. Sikuwa nimemwambia baridi, wala moshi, wala kwamba tulizimia.

“Mzee, umejuaje?”

Simu ikakatika. Nikapiga tena, haikupokelewa. Nilibaki nimeishika simu, na nikawa nimeshtuka kuliko nilivyoshtuka pale barabarani.

Siku ya tatu Bi Shirin aliruhusiwa. Fundi mmoja wa mji ule, mtu wa makamo anayeitwa Mgaya, alikuwa amelivuta gari hadi kwake. Alinionesha gasketi yangu. Upande mmoja ulikuwa umelika na kuwa mweusi. Joto la Kitonga lilikuwa limeitafuna. Akanipa ya shaba aliyokuwa nayo, tukaziba matundu kwa vibati na mpira. Hakunicheka. Alisema tu, “Sisi huku mama, kabla hujagusa kabureta unaanza na ekzosi na ukuta wa miguuni. Kwa sababu ya vioo.” Alilisema kama mtu anavyosema funga mlango ukitoka. Kitu ambacho miaka arobaini ya Gerezani haikunifundisha, huku kila mtu alikijua.

Nikamwambia Bi Shirin nitalipakia gari kwenye lori.

“Unaogopa, Fundi?”

“Ndiyo.”

“Hata mimi. Twende na vioo chini.”

Tulikwenda paa limefunguliwa, tumejifunga mablanketi ya hospitali ambayo muuguzi alitukopesha, ukungu unatupiga usoni, choki imerudishwa hadi mwisho. Likafika Njombe. Likapanda njia ya udongo hadi uani kwa Bwana Firoz, kwa nguvu zake lenyewe. Mzee yule alikuwa amesimama mlangoni, mkono kwenye fremu. Akaja akipapasa, akaweka kiganja juu ya boneti, akaegemeza kichwa.

“Silinda ya tatu inachelewa kidogo,” akasema.

Ilikuwa kweli. Nikairekebisha palepale, yeye akiniambia bado, bado, hapo. Kisha akaomba akalishwe kwenye kiti cha dereva, na dada yake akakaa pembeni, vioo chini, na sikuwakaribia kwa muda mrefu.

Gari tukaliacha kwake. Nilirudi Dar kwa basi, na kesho yake asubuhi nikaenda yadi. Mzee Awadh alikuwa benchini. Kikombe chake kilikuwa kikavu. Hakuwa ameagiza kahawa.

“Yule mama?” akauliza.

“Mzima.”

Akatikisa kichwa muda mrefu. Halafu akanieleza, akitazama barabara, sauti ileile aliyokuwa akinifundishia plagi. Gari alilokuwa analipeleka Saleh yeye ndiye aliyelifunga. Liliwaka vizuri Dar. Gasketi ya ekzosi aliirudishia ya zamani kwa kuwa mpya haikuwepo. Saleh alifika milimani, baridi ikamshika, akaegesha apumzike, akafunga vioo na kuacha injini ikiwaka apate joto. Gari liliporudishwa Dar, Mzee alifungua boneti peke yake, akaikuta gasketi imepasuka. Aliitoa, akaenda kuitupa mto Msimbazi. Alipotoka huko akakuta watu barazani wanasema Saleh alikuwa mlevi.

“Ukanyamaza,” nikasema.

“Nilinyamaza siku ile. Kesho yake ilikuwa vigumu zaidi. Na kesho yake tena.”

“Kwa nini hukuniambia hata mimi?”

“Ningekuambia nini, Zuhura? Kwamba mwalimu wako alimuua ndugu yake?”

“Ungeniambia nizibe matundu.”

Nilikuwa sijawahi kumjibu hivyo maishani mwangu, na sikusikitika. Mtu huyu alinipa kila alichokijua isipokuwa kimoja, na hicho kimoja kidogo kituue. Halafu nikamfikiria Bi Salma anavyotembea upande wa pili wa barabara. Nami nilikuwa miongoni mwa waliomfanya atembee hivyo. Sikuwahi kulitamka neno, lakini nililiamini, na uso wangu lazima ulionesha.

“Twende kwake,” nikasema.

“Leo?”

“Leo.”

Bi Salma alikuwa akiishi chumba cha uani nyuma ya maduka ya vitambaa, hatua chache tu kutoka kwa shemeji yake. Alitukaribisha, akatandika mkeka. Mzee Awadh alikataa kukaa. Alisema yote akiwa amesimama, ameegemea fimbo, na alipofika kwenye gasketi akakwama, akaanza upya sentensi ile hadi ikatoka. Mimi nikaongeza ya daktari: uso mwekundu, kutapika, usingizi.

Bi Salma alisikiliza akiwa ameshika ncha ya mtandio. Nilitarajia alie au atufukuze. Aliuliza, “Kwa hiyo hakunywa?”

“Hakunywa.”

“Hata kidogo.”

“Saleh hakuwahi kugusa pombe, Salma. Unajua.”

“Nilikuwa najua,” akasema. “Baadaye sikujua tena. Watoto walikuwa wanarudi madrasa wanalia, wameitwa watoto wa mlevi. Mwaka wa kwanza nilibisha. Mwaka wa pili nikanyamaza. Halafu nikaanza kumuombea asamehewe. Miaka yote hii, kila sala, namuombea Saleh asamehewe kwa kitu ambacho hakukifanya. Na wewe ulikuwa unaniletea mchele kila Ramadhani.”

Mzee akasema anaomba msamaha.

“Sina haraka na hilo,” Bi Salma akamjibu, bila kupandisha sauti. “Kwanza nenda kwa waliosema. Walisema barazani, wakasema msikitini, wakasema kwenye misiba. Nenda mlango kwa mlango, uwaambie kama ulivyoniambia mimi. Ukimaliza uje tuzungumze.”

Akamtajia majina kumi na moja. Alikuwa nayo kichwani, kwa mpangilio, mtaa kwa mtaa.

Nilimsindikiza. Nilifunga kabati la spana, nikawaambieni nyie vijana kwamba nina udhuru, na huo ndio udhuru ambao hamkuwahi kuambiwa. Ilituchukua wiki mbili, kwa sababu Mzee hakuweza kutembea sana. Nyumba nyingi hazipo tena. Tulikuwa tunauliza majina kwenye maduka ya simu na ya mabegi, vijana wanatutazama. Saba katika wale kumi na moja walikuwa wamekufa. Mzee alisimama hata kwenye milango ya wajukuu zao, akasema. Mmoja aliye hai, aliyebaki mtaani, alilia na kumkumbatia. Mwingine alisema alijua siku zote, jambo ambalo lilikuwa uongo. Wa tatu alihamia Mbagala, akasikiliza mpaka mwisho, akafunga mlango.

Wa mwisho alikuwa Mzee Kondo. Bi Salma alisema huyo ndiye aliyeanza, yeye ndiye aliyelisema neno lile kwa mara ya kwanza siku ya mazishi. Tulimpata Buguruni, kwa binti yake, kwenye chumba cha kupanga. Mzee Awadh alikuwa amevaa kanzu yake nzuri.

Mzee Kondo alikuwa amekaa kitandani, mwembamba, anatabasamu. Binti yake akatuwekea viti na kutuambia tuzungumze polepole.

“Kondo,” Mzee Awadh akasema, “nimekuja kwa ajili ya Saleh. Hakunywa pombe. Ni mimi. Gari nililifunga vibaya, moshi ukamuua. Nimekuja uniambie umesikia.”

Mzee Kondo alimtazama kwa upole, kama mtu asiyemkumbuka mgeni wake na asiyetaka kumkera.

“Saleh gani?” akauliza.

Nilimwangalia Mzee Awadh. Sijawahi kuona uso wa mtu ukipigwa namna ile. Nilifikiri atainuka, nami ningeinuka naye. Badala yake alivuta kiti karibu na kitanda, hadi magoti yao yakagusana.

“Nilikuwa na mdogo wangu,” akasema. “Alikuwa mrefu kuliko mimi, na alikuwa anapenda magari.”